Ukileta kijeba Mangapwani, bibi yake atakuumbua

MANGAPWANI, Unguja. Shabiki wa mjini akitaka kusikia kelele za mpira huenda New Amaan, akakaa kwenye kiti chake, akapiga honi mpaka usiku. Lakini ipo ladha nyingine ya soka ambayo haiuzwi kwa tiketi. Ukiifuata utapanda gari mjini, utapita Bububu, utaendelea kaskazini kiasi cha kilomita 20 na ushei, mpaka minazi na mikarafuu izidi nyumba. Hapo umefika Mangapwani.

Wageni wanalijua jina hili kwa pango la mawe ya matumbawe na kile chumba cha chini walimofichwa watumwa baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku mwaka 1873. Siku hizi linatajwa pia kwa mradi wa bandari mpya. Watu wa soka wao wana habari zao. Kwao Mangapwani ni sehemu ya ule ukanda wa Kaskazini B ambao kijiji na kijiji vimepakana, skuli na skuli zinasikiana kengele, na mpira baina ya vijana wa sare hii na sare ile unaweza kuwanunisha watu wazima wiki nzima.

Ni mechi za watoto wa skuli, lakini usiwaambie hivyo mashabiki wake.

HAKUNA JUKWAA, KUNA MSTARI

Kwanza lazima uelewe shabiki wa mechi ya skuli anasimama wapi. Uwanja mkubwa una jukwaa, uzio, askari na mita kadhaa za nyasi baina ya mtu na mchezaji. Ukimzomea straika wa Simba au Yanga pale New Amaan, yeye anasikia mvumo tu, hakujui wewe wala mama yako.

Kiwanja cha shamba hakina hayo. Shabiki anasimama juu ya mstari, mara nyingine ndani yake, mpaka mshika kibendera aombe njia. Winga akipita na mpira, vumbi lake linatua kwenye kanzu ya mzee. Beki akikosea, anayemfokea ni mjomba wake, na sauti anaijua kwa sababu ndiyo ile ile inayomwamsha alfajiri. Jina linaitwa kamili, na mara nyingine na la baba linatiwa ndani ili aibu iende mpaka nyumbani.

Pili, jirani hapa si mtu wa mbali. Mangapwani ikikutana na Bumbwini au Fujoni, wanaotazamana ni watu waliooana, wanaozikana, wanaopanda gari moja kwenda mjini. Ndiyo maana utani wake ni mkali kuliko wa Simba na Yanga. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, na tangu hapo shabiki wa Unguja anapigana vita vya Kariakoo kwa redio na televisheni. Mechi ya skuli haipitii redioni. Aliyefungwa Jumamosi atakutana na aliyemfunga Jumapili harusini, na wote wawili watakaa sinia moja la pilau.

Kila kundi lina namna yake ya kushangilia. Wanafunzi ndio injini, na ndoo kwao zinageuka ngoma, sauti zinakauka kabla ya mapumziko. Vijana wa bodaboda hufunga breki pembezoni na kuacha pikipiki zikiwa zimeelekezwa njiani, pengine kwa kuwa wanajua mechi za jirani zinavyoweza kumalizika. Kina mama hukaa kivulini na kanga zao, wakijifanya wanapiga soga, mpaka mtoto wa mmoja wao aanguke chini, hapo utaona nani alikuwa haangalii. Wazee wa baraza wao hawashangilii kirahisi. Bao likifungwa watatikisa kichwa na kusema la zamani lilikuwa zuri zaidi. Aliyefungwa ananunua kahawa na kashata, na mjadala unahamia barazani baada ya magharibi.

Kwa skuli nyingi msimu wenyewe hupamba moto karibu na Tamasha la Elimu Bila Malipo, lile linaloadhimisha Septemba 23, 1964, siku ambayo Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo Zanzibar. Kuna riadha, kuna netiboli, kuna kuvuta kamba. Lakini anayetaka kujaza kiwanja aweke kabumbu.

KESI YA KWANZA NI REFA, YA PILI NI UMRI

Filimbi ya mwisho ikilia, hisia za mashabiki hugawika mapande mawili, na kila pande lina hotuba yake tayari.

Walioshinda hawana maneno mengi. Wanataja bao, wanalitaja tena, halafu wanalionesha kwa mguu huku wanatembea. Mfungaji anabebwa mpaka njia kuu na wadogo zake wanajisogeza wapate kumgusa.

Walioshindwa ndio wenye kazi. Utetezi wao unakwenda kwa mpangilio ambao mtu yeyote aliyekulia kwenye viwanja hivi anaujua. Refa kwanza, kwamba shemeji yake anatoka kule. Kiwanja pili, kwamba kimeinamia upande wa wenyeji. Halafu inakuja ile nzito, inayosemwa kwa sauti ili upande wa pili usikie: wameleta vijeba.

Kwa asiyejua, kijeba ni mchezaji aliyevuka umri lakini anachezeshwa na watoto. Mamluki ni mwenzake, mchezaji ambaye si mwanafunzi wa skuli ile, amevishwa sare na kupewa jezi kwa ajili ya mechi moja. Mara nyingine mtu mmoja anakuwa vyote viwili, na hapo ndipo maneno ya kando ya mstari yanapokuwa matamu. “Huyo kaacha wake nyumbani!” atapiga kelele mmoja. Mwingine atamuuliza kidato gani, na mwalimu wake nani, na lini mara ya mwisho aliona ubao. Watu watacheka mpaka washike matumbo.

Kicheko hicho kinafunika jambo zito. Katika mpira wote wa vijana Afrika Mashariki hakuna maradhi yaliyoutafuna kama haya. Na kama kuna watu wanaoweza kuyatibu, ni hao hao wanaocheka.

KOMPYUTA YA KIJIJINI

Dunia ya soka imehangaika na umri kwa miaka mingi. FIFA ilianza kutumia picha za MRI za kiwiko cha mkono, kule kwenye kifundo karibu na kiganja, kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 lililochezwa Nigeria mwaka 2009. Mfupa wa pale una sehemu inayokua. Ikionekana imeshafunga kabisa, uwezekano mkubwa ni kwamba kijana kavuka 17. Kipimo hicho kina mipaka. Hakiwezi kukwambia huyu ana 14 na huyu 15, na kwa vyovyote hakuna mashine ya aina hiyo kwenye skuli ya shamba.

Cheti cha kuzaliwa nacho ni karatasi. Karatasi iliyoandikwa mtoto alipozaliwa ni ushahidi. Karatasi iliyotafutwa miaka mingi baadaye, wakati timu inasafiri wiki ijayo, ni hadithi, na msimuliaji ndiye anayechagua mwaka.

Kijijini kuna kompyuta nyingine. Bibi yeyote wa Mangapwani anaweza asikwambie tarehe ya kuzaliwa mjukuu wake, lakini atakwambia alizaliwa wakati gani. Na Unguja ina alama za wakati ambazo hazisahauliki.

Ipo ya kiza. Desemba 2009 waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara uliharibika, na Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Miezi mitatu ya vibatari, jenereta na ndoo za maji. Hakuna mama aliyejifungua kipindi kile akasahau. Kwa hesabu hiyo, mtoto yeyote wa kiza, kufikia Machi 2025 alikuwa ametimiza miaka 15. Mwite jina utakalo, mpe karatasi uitakayo, ukimpeleka leo kwenye timu ya chini ya miaka 15, kina mama wote waliokaa kivulini wanajua unadanganya.

Ipo ya meli. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba. Ni msiba uliogusa nyumba nyingi visiwani. Mtoto akizaliwa wiki ile, wiki yake inajulikana mpaka leo. Julai 2012 ikaja MV Skagit, ikizama karibu na Chumbe. Nayo ni alama.

Kwa hiyo shabiki wa mechi ya skuli ana kitu ambacho FIFA hana. Anamjua mchezaji tangu yumo mgongoni mwa mama yake. Anajua alianza darasa la kwanza na nani, aliugua lini, kaka yake ni nani. Kijeba anaweza kumpita refa, akampita mwalimu wa michezo, akampita ofisa wa wilaya. Kumpita jirani wa bibi yake ni kazi ngumu.

ILIPOUMA ZAIDI

Wapo wanaosema haya ni mambo madogo ya skuli, mtu mmoja mkubwa kidogo hana madhara. Waulizwe walifuatilia nini Aprili 2018.

Mwezi ule Zanzibar ilikwenda Burundi kwenye michuano ya CECAFA ya vijana chini ya miaka 17. Sharti lilikuwa wazi: mchezaji awe amezaliwa kuanzia Januari 1, 2002. Timu ya Zanzibar, Karume Boys, ilienguliwa kwa sababu ya wachezaji waliozaliwa kabla ya tarehe hiyo. Haikufungwa uwanjani. Ilirudishwa nyumbani kwa karatasi zake. Michuano iliendelea bila ya Zanzibar, na Serengeti Boys wa Tanzania Bara ndio waliobeba kombe.

Mashabiki wa Unguja walipokea habari ile vibaya, na haki yao. Mwaka mmoja kabla, Machi 2017, Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama wa CAF, watu wakasherehekea, na miezi michache baadaye uanachama ukafutwa. Desemba mwaka huo huo Zanzibar Heroes ikafika fainali ya Kombe la Chalenji kule Kenya, ikatoka sare ya mabao 2-2 na wenyeji na kutolewa kwa penalti. Visiwa vilikuwa vinajidai tena, vikikumbuka kombe la 1995. Halafu watoto wakarudishwa kutoka Burundi kwa kosa ambalo si la miguu yao.

Tanzania Bara nayo iliwahi kuchomwa na moto huo huo. Serengeti Boys ilifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 za mwaka 2005 zilizochezwa Gambia. Ikaondolewa kwa umri wa mchezaji mmoja, Zimbabwe ikapewa nafasi. Ilibidi kusubiri mpaka 2017, kule Gabon, ndipo Serengeti Boys ikacheza fainali hizo. Miaka 12. Vijana wote waliokuwa na umri sahihi mwaka ule walikosa nafasi yao, na waliozaliwa mwaka ule wakakua mpaka wakakaribia kuwa na umri wa kucheza wenyewe.

Hapo ndipo hesabu ya kijeba inapokamilika. Mmoja anaingia, kikosi kizima kinatoka.

Sasa tazama upande wa pili. Novemba 2023 Zanzibar ilipeleka Karume Boys wengine Uganda, kwenye michuano ya CECAFA ya chini ya miaka 15 iliyochezwa Njeru. Walifika fainali, wakakutana na wenyeji, wakawafunga kwa penalti na kurudi na kombe. Ni watoto wa umri wa skuli, waliokulia kwenye viwanja vya aina hii hii na kwenye ligi za vijana za Junior, Juvenile na Central. Ushindi ule uliwanyima kisingizio wale wote waliokuwa wakisema bila ya kuchanganya umri Zanzibar haiwezi.

JICHO LA SHABIKI LINA UPANDE

Ikiwa kijiji kinajua, mbona vijeba bado wanacheza?

Jibu liko pale pale kwenye mstari. Shabiki anamuona kijeba wa jirani kwa umbali wa kilomita moja. Kijeba wa kwao hamuoni hata akikanyagwa naye. Yule bibi mwenye kumbukumbu ya kiza na ya meli, mjukuu wake akifunga bao, kumbukumbu inamtoka. Mzee wa baraza aliyekuwa anapiga kelele kuhusu ndevu za beki wa Bumbwini, ndevu za straika wa Mangapwani anaziita jasho. Na ukienda Bumbwini utakuta hadithi ni hiyo hiyo, imegeuzwa majina tu.

Utani wa jirani ndio unaofanya hivyo. Mwalimu wa michezo anajua akipoteza mechi ile atasikia maneno sokoni, msikitini na kwenye gari. Anajua ushindi utafuta makosa yote ya msimu. Kelele za kutaka ushindi zinamfikia kwa nguvu kuliko kelele za kutaka haki, kwa sababu za kwanza zinapigwa na watu wake mwenyewe na za pili na wapinzani. Basi anamtafuta kijana aliyemaliza skuli miaka miwili iliyopita, ambaye wikiendi anacheza ndondo, anampa sare. Mashabiki wa nyumbani wanajua saa ile ile. Wananyamaza, na kunyamaza kwao ndiyo saini.

Na zawadi zinakua. Mei 2024 Unguja yenyewe ilikuwa mwenyeji wa fainali za Mashindano ya Skuli ya Afrika yanayosimamiwa na CAF, pale New Amaan, uwanja uliofunguliwa upya Desemba 2023. Wavulana wa Tanzania walitwaa ubingwa nyumbani. Mwaka mmoja nyuma, kule Durban, wasichana wa Fountain Gate ya Dodoma walikuwa wameshatwaa wa kwao. Bingwa wa mashindano hayo hupewa dola 300,000 za Marekani, na fedha hizo zinakusudiwa kuendeleza skuli yenyewe, siyo kugawana. Mtu akitafakari dola hizo zinaweza kujenga madarasa mangapi, anaelewa kwamba mechi ya wilaya si mchezo tena. Ni ngazi ya kwanza ya njia inayofika mbali, na anayepanda kwa kijeba anajua atashushwa juu, mbele ya watu.

MTOTO ANAYEKAA NJE

Katika kelele zote hizi, yuko mmoja asiyesikika. Ni yule mwanafunzi wa kidato cha pili aliyefanya mazoezi msimu mzima peku, akaambiwa asubuhi ya mechi kwamba leo atakaa nje kidogo. Nafasi yake kapewa kaka wa mtaani. Atashangilia na wenzake, pengine atapeleka maji. Kesho kutwa kaka wa mtaani atarudi kwenye shughuli zake, na skuli itakuwa na kombe lakini haina mchezaji.

Mpira wa skuli kazi yake ni kumuandaa huyo. Wazanzibari waliofika mbali wote walianza wakiwa watoto ambao mtu mmoja aliwapa nafasi. Nadir Haroub ‘Cannavaro’ alifika kuwa nahodha wa Yanga na Taifa Stars. Feisal Salum ‘Fei Toto’ alipita JKU kabla ya Bara kumjua. Hakuna kijeba anayesajiliwa kwa ndoto ya namna hiyo. Yeye umri wake wa kukua ulishapita, anatumika kuziba tundu la wiki moja.

Kuna na la usalama. Mtu mzima wa kilo 70 akimfuata mtoto wa kilo 45 kwenye mpira wa mguu kwa mguu, kwenye kiwanja cha ardhi ngumu chenye mawe ya matumbawe, anayeumia anajulikana kabla hawajagongana. Wale kina mama wa kivulini wanaposimama ghafla, ndilo wanaloliogopa.

TAHADHARI KWA WENYE MIDOMO

Lakini shabiki naye apewe onyo lake. Kupiga kelele “kijeba” si ushahidi.

Watoto hawakui kwa pamoja. Kwenye darasa moja la umri wa miaka 14 utamkuta mmoja amekwisha kuvunja sauti, kifua kimepanuka na sharubu zinachungulia, na mwenzake bado ni mtoto kabisa. Wote wana umri mmoja. Yule mkubwa, kila akigusa mpira, upande wa pili unamuuliza mke wake hajambo. Mara ya kwanza atacheka. Mara ya kumi ataacha mpira. Na kwa kuwa hakuna jukwaa, hawezi kujidanganya kwamba hakusikia.

Ndiyo maana neno hili limeanza kupoteza makali. Kila aliyefungwa analitumia, mwenye haki na asiye na haki, na walimu wameshazoea kulipuuza. Kijeba wa kweli anajificha humo humo, ndani ya kelele za uongo.

Njia ya kuligeuza haihitaji mashine wala fedha. Orodha ya wachezaji ipelekwe mapema, siku kadhaa kabla ya mechi, na isomwe hadharani kwenye skuli zote mbili. Pembeni ya kila jina pawekwe mwaka aliosajiliwa darasa la kwanza, kwa sababu daftari la darasa la kwanza liliandikwa wakati hakuna aliyekuwa anafikiria kombe. Cheti kinachotoka Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kitazamwe tarehe ya kusajiliwa, siyo tarehe ya kuzaliwa peke yake. Mwenye pingamizi alete kwa mwalimu kabla ya mpira kuwekwa kati, kwa jina na kwa maelezo, kisha mchezo ukianza anyamaze au ashangilie.

Na pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la mtu kumpinga wa kwake. Hapo ndipo patamu. Kamati ya wazazi ikimfuata mwalimu wao wenyewe na kumwambia huyu tunamjua, mamaye alijifungua kabla ya kiza, mtoe, mechi ile imeshapata ulinzi ambao hakuna shirikisho linaloweza kuutoa. Watapoteza bao moja au mawili. Pengine watapoteza mechi, na kahawa watainunua wao.

Jirani atawacheka wiki nzima, hilo halina dawa. Lakini msimu unaofuata, jirani huyo huyo akileta mtu mwenye ndevu, Mangapwani watakuwa na mdomo wa kumuuliza. Na yule wa kidato cha pili aliyekuwa anapeleka maji atakuwa amevaa namba saba, anasubiri filimbi.

Msimu wa tamasha ukifika, magari yatajaa tena kuelekea kaskazini, ndoo zitapigwa na bodaboda zitaegeshwa zikitazama njiani. Refa atalaumiwa, kiwanja kitalaumiwa. Nafasi ni zile zile 11 kila upande, na kina mama wa kivulini watazihesabu moja moja.